Siku niliyoshinda na dagaa: siku moja maishani mwangu

Saa 10:40 alfajiri

Bando langu la usiku hukata saa 11 kamili, kwa hiyo kazi yoyote inayokula data naimaliza kabla jogoo wa jirani hajaanza. Mchana nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza: natoa kopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Hiyo ndiyo inayonilisha. Inayoninyima usingizi ni Wikipedia ya Kiswahili, ambayo hainilipi hata shilingi, na wenzangu wanaohariri nao hawalipwi.

Huwa naanza na ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni. Unaonyesha kila kilichoguswa usiku kucha, nami naupitia kama mwenye duka anavyokagua rafu. Leo kuna mwanafunzi aliyeandika kwamba shule yake ndiyo bora duniani. Nimerejesha toleo la awali, sekunde tatu. Kuna kijana aliyejiandikia wasifu, msanii mwenye wimbo mmoja. Huyo nimempeleka kwenye orodha ya makala zinazopendekezwa kufutwa, wenzangu wajadili. Kufuta peke yangu alfajiri nikiwa na njaa si jambo zuri.

Halafu nikafika kwenye dagaa.

Jana usiku nilikuwa nimeandika aya tano, nikajisifu, nikalala. Nilisema dagaa ni samaki mdogo wa Ziwa Victoria, jina la kisayansi Rastrineobola argentea, asiyefikia sentimita 10, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Sasa nakuta mtu asiye na akaunti ameondoa "Victoria" kila mahali akaweka "Tanganyika". Kwenye muhtasari wa hariri yake ameacha maneno haya: "Dagaa ni wa Kigoma. Hao wenu chakula cha kuku."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutengua. Nikakiondoa. Kwa sababu, tuseme ukweli, dagaa wa Kigoma wapo, ni watamu, na bei yao kila mtu anaijua. Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Habari za asubuhi ndugu. Una hoja. Una chanzo?" Bando likakata.

Saa 2:15 asubuhi

Nimefungua duka nikakuta watu wanne wanasubiri, wote wa fomu. Wa tatu hakuwa na namba ya kitambulisho, akampigia mkewe, mkewe akampigia mtoto, mtoto yuko darasani. Hapo saa nzima ikapotea.

Kisha akaingia Mzee. Simtaji jina maana hataki. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mambo ya uvuvi, akastaafu, na miaka miwili iliyopita alikuja kutoa kopi akakuta kompyuta yangu imefunguka kwenye makala ya sangara. Akasoma mistari kumi, akauliza, "Nani kaandika uongo huu?" Nikasema, "Ni mimi, baba. Shikamoo." Akaitikia marahaba bila kuniangalia na akaomba kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo ndiye mtaalamu wangu. Utaratibu wetu ni huu: nachapa makala kwenye karatasi, anasahihisha kwa wino mwekundu kama mtihani, nami naingiza masahihisho. Mwenyewe hagusi kibodi. "Siwezi," husema, "kuandika mahali ambapo mtoto wa darasa la saba anaweza kunifuta." Karatasi halipii. Anasema huo ni mchango wangu kwa taifa.

Nilimwonyesha ugomvi wa alfajiri. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nyote wawili mmekosea," akasema, "maana mnadhani dagaa ni samaki mmoja."

Akavuta kiti. Kwa maelezo yake, dagaa wa Victoria na dagaa wa Kigoma si ndugu hata wa mbali. Wa Kigoma ni hasa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na hao ni watu wa ukoo wa sadini. Wa kwetu yuko oda nyingine kabisa. Anakaribiana zaidi na ningu, samaki mwingine wa ziwa letu, kuliko na huyo wa Kigoma anayeitwa jina lake. Na dagaa wa Zanzibar? Wengi wao wako katika familia ya Engraulidae, nao ni samaki wa maji chumvi. "Jina dagaa," akasema, "si la kibaiolojia. Ni la sufuria."

Sentensi hiyo niliitamani sana kuiingiza kwenye makala. Nikauliza swali ambalo hulichukia:

"Baba, chanzo?"

"Chanzo ni mimi. Nimewapima hao dagaa kabla hujazaliwa."

Hapa ndipo kazi yetu inapouma. Sheria inasema kamusi elezo haichapishi utafiti mpya. Kila dai zito liegemee kitu kilichochapishwa, ambacho msomaji wa Tabora asiyemjua Mzee anaweza kukitafuta akakisoma. Ukiliondoa sharti hilo, yule mwenye shule bora duniani naye atasema chanzo ni yeye. Lakini hebu jaribu kumweleza hivyo mtu aliyekaa ziwani miaka yote hiyo, uso kwa uso, huku ameshika kalamu yako.

Nilimsimulia habari ya Nupedia, kumtuliza. Kabla ya Wikipedia, mwaka 2000, Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo ya mtandaoni ya kuandikwa na kukaguliwa na wataalamu, kila makala ikipita hatua saba. Ilipofungwa mwaka 2003 makala zilizokamilika hazikufika hata 30. Wikipedia, waliyoianzisha Januari 2001 kama kibanda cha pembeni cha kuisaidia, ikawa imeshajaa maelfu. Sanger baadaye alijaribu tena, akaanzisha Citizendium, ambako watu walitakiwa kutumia majina yao halisi na wataalamu wakawa na neno la mwisho kwenye fani zao. Haikukua kama alivyotarajia.

Mzee alifikiri kidogo. "Hatua saba ni chache," akasema, akachukua kofia yake akatoka.

Baada ya nusu saa alirudi na ripoti ya uvuvi yenye vumbi, ukurasa umekunjwa pembeni. Akaitupa kaunta. "Chanzo hicho."

Saa 7:30 mchana

Niliacha duka kwa mdogo wangu nikashuka Mwaloni, soko letu la samaki. Makala yetu ilikuwa haina picha nzuri ya dagaa wakavu, na hapo nilipo naweza kutembea kwa miguu hadi kwenye magunia yanayopakiwa kwenda Kongo. Ni aibu.

Mama ninayenunua kwake sikuzote alikuwa anapima kwa sado. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Piga dagaa, mwanangu, mimi usinipige. Sijasuka."

Nikapiga dagaa. Kisha nikamweleza, maana nisipoeleza ni wizi, kwamba picha ikishapanda kule inakuwa huru: mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi ataje aliyeipiga.

"Yaani mtu anaweza kuiweka kwenye paketi akauza?"

"Anaweza, mama."

"Akutaje wewe?"

"Ndiyo."

"Na mwenye dagaa hatajwi?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika kwenye maelezo ya picha kwamba dagaa hao ni wa soko la Mwaloni, Kirumba. Ndicho nilichoweza.

Akanifundisha huku anapima. Dagaa waliokaushwa kichanjani unawajua kwa kung'aa, na mdomoni hawana mchanga, ndiyo maana wana bei. Waliotandazwa chini unawaosha maji matatu na bado meno yanalia. Siku za mbalamwezi mzigo unapungua, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima taa ya mvuvi haina kazi. Haya mawili yamo kwenye vitabu, nitayapatia tanbihi. Lakini alisema na jambo la tatu: kwamba akiingiza mkono ndani ya gunia anajua, kwa ubaridi tu, kama limenyeshewa njiani. Hilo sijui nitalipeleka wapi. Halina ukurasa kwenye ripoti yoyote.

Nikanunua sado moja. Siwezi kwenda Mwaloni nikarudi mikono mitupu.

Saa 10 jioni

Wanafunzi watatu wa sekondari huja kutumia kompyuta zangu mara mbili kwa wiki, nami nawafundisha kuhariri. Mmoja, binti mwepesi wa mikono, alinionyesha aya nzima ya uvuvi wa dagaa aliyoimaliza kwa dakika nne. Dakika nne! Nikajua kuna jambo.

"Dagaa huishi katika shule kubwa na hukamatwa kwa uvuvi mwepesi."

Nilisoma mara mbili. Shule kubwa? Ndipo nikakumbuka: kwa Kiingereza kundi la samaki na shule ni neno moja. Na uvuvi mwepesi? Taa na wepesi, kwa Kiingereza, neno moja vilevile. Mashine ilikuwa imechukua watu wanaokesha ziwani na karabai, siku hizi taa za sola, ikawaambia kazi yao ni nyepesi.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, "Baba yako anavua, siyo? Huwa anasema anakwenda wapi?" Akasema, "Anasema anakwenda kwenye dagaa." "Na taa anazifanyaje?" Akaeleza kwa Kiswahili chake, vizuri kabisa, namna taa zinavyoelea, samaki wanavyokusanyika, wavu unavyoshushwa. "Sasa andika hivyo hivyo." Ilimchukua dakika arobaini, na aya ikawa na sentensi tano. Hizo tano nazipenda kuliko makala nyingi ndefu tulizonazo.

Kuna wenzangu wanaotaka idadi ya makala ipande haraka, hata kwa tafsiri ya mashine, eti makosa yatarekebishwa baadaye. Nimekuwa humu muda wa kutosha kujua kwamba huyo wa baadaye ni mimi.

Saa 1:20 usiku

Umeme ulikatika nikiwa nasonga ugali. Nikawasha hotspoti ya simu, kompyuta mpakato ilibaki na chaji ya saa moja na kitu.

Yule wa Kigoma alikuwa amejibu. Safari hii amefungua akaunti, na lugha imepoa: "Habari za jioni. Chanzo ninacho." Ameleta maandiko mawili ya utafiti wa Ziwa Tanganyika, mazuri kuliko ya kwangu. Tukaanza kujenga pamoja, yeye kule, mimi huku gizani na harufu ya dagaa jikoni.

Tulikubaliana hivi. Ukurasa wa "Dagaa" utakuwa wa kueleza jina, na kila dagaa apate makala yake. Yeye akaongeza jambo ambalo sikulijua: kwamba Limnothrissa miodon alichukuliwa kutoka Tanganyika akapandwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye sambaza wanayemla Goma na Bukavu na isambaza wa Rwanda. Miaka ya 1960 akapelekwa Ziwa Kariba, ambako Wazambia na Wazimbabwe wanamwita kapenta. Samaki mmoja, nchi ngapi! Na majina hayo yote sasa yana viungo, vingine vyekundu bado, vinasubiri mtu wa kuandika makala zake. Burundi wanasema ndagala. Hilo nilitaka yeye mwenyewe aliandike, yuko karibu na mpaka.

Sehemu ya "chakula cha kuku" tuliibishania kidogo. Nilitaka iondoke. Akasema ni kweli, na ana chanzo. Ni kweli: sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa letu hugeuzwa chakula cha mifugo. Nikaiandika kwa mkono wangu, na tanbihi yake. Iliniuma kidogo.

Saa 4:05 usiku

Umeme ulirudi. Nilikuwa nafunga kompyuta ilipotokea arifa: mhariri mpya kabisa, akaunti ya dakika kumi, amegusa makala ya dagaa wa Ziwa Victoria. Ameondoa herufi elfu moja na zaidi.

Nikafungua historia. Sanduku lote la uainishaji, lile la pembeni lenye himaya, oda, familia na jenasi, limetoweka. Mahali pake kuna sentensi moja, imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, isiyo na kosa hata moja la sayansi, na mwishoni kuna jina la ripoti na namba ya ukurasa. Ukurasa uliokunjwa pembeni.

Nikarudisha sanduku, nikaiacha sentensi, nikaipunguza herufi. Kisha nikapiga simu, ingawa ilikuwa usiku.

"Shikamoo baba. Umefuta sanduku."

"Marahaba. Lilikuwa linaniziba."

"Nimelirudisha."

Kimya kirefu. Nilisikia kibodi ikigongwa polepole, kidole kimoja.

"Naona," akasema. "Kwa hiyo na wewe umenifuta."