Kiraka cha sakafu kinabanduka kwa nini?

Kiraka cha sakafu ya saruji kikibanduka, wengi hulaumu mchanganyiko na safari ya pili huongeza saruji. Hapo mambo huharibika zaidi, kwa kuwa saruji ikizidi kiraka husinyaa sana na kupasuka. Kosa kwa kawaida liko chini yake: vumbi, kingo nyembamba, au zege kavu lililonyonya maji ya kiraka.

Anza kwa kugongagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka shimo. Palipoachana na zege la chini hulia kama mtungi mtupu. Piga alama ya chaki, endelea mpaka mlio huo wa utupu uishe, na usishangae eneo bovu likiwa kubwa kuliko shimo lenyewe. Chimba kwa tindo hadi kina cha sentimita 2.5 au zaidi, kingo zikisimama wima. Ukingo unaoteremka taratibu hadi kuisha ndio humeguka kwanza, maana hapo kiraka kina unene wa ukucha. Vaa barakoa: vumbi la zege si la kuvuta.

Sugua kwa brashi ya waya, fagia, osha, kisha loanisha shimo usiku kucha. Asubuhi kausha madimbwi. Zege linatakiwa liwe limeshiba maji lakini halimeremeti.

Tuseme shimo lina mita 1 kwa nusu mita, kina sentimita 4. Hiyo ni lita 20. Mchanga na saruji vikikorogwa hupungua ujazo, kwa hiyo andaa kama lita 27: saruji lita 7, sawa na kilo 10 hivi, na mchanga mkavu wa chenga lita 20. Mchanga laini wa plasta haufai hapa. Maji ni kama lita 5, ila mchanga ukiwa na unyevu yapunguze. Finyanga tonge mkononi (ukiwa na glavu, saruji mbichi huchoma ngozi): lishikane bila kuchuruzika.

Kabla ya kumwaga, koroga saruji tupu na maji hadi iwe nzito kama rangi, uipake chini na kwenye kingo zote. Mchanganyiko uingie ingali mbichi. Ikikauka hugeuka kuwa utando wa kutenganisha, na ingekuwa heri usingeipaka kabisa.

Shindilia, hasa pembeni, kisha vuta kwa ubao ulionyooka unaolalia sakafu ya zamani pande zote mbili. Sasa subiri. Maji yaliyopanda juu yatoweke kwanza ndipo upitishe mwiko wa chuma. Kunyunyiza saruji kavu ili inyonye maji hayo ni ujanja wa wavivu: huacha ngozi dhaifu inayochanika na kutoa vumbi.

Funika kwa nailoni au magunia mabichi siku 7. Kama kiraka kinakatiza kiungo kilichoachwa makusudi kwenye zege, kikate upya palepale, la sivyo ufa utajichagulia njia.

Vigae visubiri siku 28. Hata hapo, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kingo zote zizibwe kwa utepe, ukifunue baada ya saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani au zege limekoza rangi, gundi ya vigae ibaki kwenye mfuko.