Jukwaa la kutazamia sangara: mradi umefika wapi

Juni

Jukwaa limesimama. Fundi wa mashua wa Igombe amefunga miguu minne ya bomba kwenye mbavu za mashua, juu akapiga mbao, na nikipanda macho yangu yanakuwa kama mita tatu juu ya maji. Wazo lenyewe limetoka pwani. Kwenye mkondo wa Pemba wavuvi wa michezo humtafuta samaki aitwaye faulusi kwa macho: anapenda kukaa chini ya chochote kinachoelea, hata gogo, kwa hiyo mtu anaangalia kwanza ndipo anarusha. Nataka kumwinda sangara wa Ziwa Victoria hivyo hivyo.

Mzee anayeshika injini hakunificha. "Mwanangu, sangara wa kuonekana kwa macho yuko sokoni Mwaloni, kwenye barafu."

Uzito ule wa juu unayumbisha chombo. Tumelaza viroba vya mchanga sakafuni, na hapandi mtu bila jaketi okozi. Mwenye mtumbwi mwembamba asijaribu kabisa.

Julai

Maji ndiyo kesi. Ndani ya Ghuba ya Mwanza ni kijani kwa mwani. Sahani nyeupe niliyoifunga kamba, ninayoizamisha kupima maji yanaonyesha hadi wapi, inapotea mapema mno. Tukitoka kuelekea Ukerewe inaonekana chini zaidi, basi huko ndiko tunakokwenda siku hizi, mafuta yakiruhusu.

Saa nazo zina ubaguzi. Upepo wa nchi kavu unaovuma alfajiri ukishatulia, na ule wa ziwani haujaanza, maji yanalala. Hapo jua liwe mgongoni, miwani iwe ile ya lenzi za kukata mng'ao. Bila hiyo miwani unatazama mawingu tu yakiwa majini.

Nimeacha kumtafuta samaki mzima. Natafuta dagaa wakiruka kama mvua inayonyesha kutoka chini, natafuta ndege wa mnandi wanaozama mahali pamoja, natafuta kipande cha maji kinachotetemeka wakati pembeni kumetulia. Shakwe nimewapunguzia imani, maana wanafuata hata mashua inayotupa matumbo ya samaki.

Agosti

Urefu una gharama, na hili wanaouza wazo la jukwaa hawalisemi. Samaki huiona dunia ya juu kupitia duara la mwanga lililo juu yake. Mtu aliyechutama, karibu na usawa wa maji, anabanwa kwenye ukingo wa duara hilo, haonekani vizuri, ila aliyesimama juu anaingia ndani yake waziwazi. Kwa hiyo mimi natazama nikiwa juu, nanyoosha mkono kumwonyesha mzee, kisha nashuka na kurusha nikiwa nimechutama. Tena mwanga hupinda ukitoka majini: samaki anaonekana yuko karibu na uso wa maji kuliko alipo kweli. Chambo bandia nakiacha kizame kidogo ndipo nakivuta.

Kwenye miamba ya nje kivuli cha kahawia kilijitenga na jiwe, kikafuata chambo, kikasita. Mzee alikiona kabla yangu, akasema, "Usivute. Mwache." Nikaacha. Akameza.

Hakufika sentimita 50, na sheria hairuhusu chini ya hapo, tukamrudisha. Kilichonifurahisha ni alivyozama mwenyewe kwa nguvu. Sangara anayetolewa kina kirefu bondo lake, yaani mfuko wa hewa tumboni, huvimba, ukimwachia anaelea tumbo juu na furukombe anakula bure. Huyu wa kina kifupi hana shida hiyo, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kuvua kwa macho kuliko kuburuta chambo kutwa.

"Haya, huyo umemwona," mzee akasema. "Sasa tafuta baba yake."

Kinachofuata ni usiku. Jicho la sangara lina utando nyuma unaorudisha mwanga, likipigwa tochi linawaka njano. Tutasubiri mbalamwezi, wakati wavuvi wengi wa dagaa wamepumzika, tusije tukawatibulia kazi kwenye taa zao. Fundi anadai bomba za chuma zitaanza kutu kabla ya mvua za vuli, anataka tupige rangi upya. Bei yake bado tunabishana.