Wewe unakata tiketi

Tangu Jumapili nina sentensi moja kichwani. Naosha vyombo ipo, napanda basi ipo, namsuka binti yangu Yasmini nywele ipo. Ilisemwa kwa sauti ya chini, bila ugomvi wowote, katikati ya kazi ya jikoni, na nadhani aliyeisema keshaisahau. Mimi nimeshindwa.

Tulikuwa tunachambua mboga za ghormeh sabzi, mchuzi wa majani wa Kiirani. Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi hiyo. Maman, mama mkwe wangu Muirani, hutandika gazeti sakafuni akakaa kitako, kama mama zetu wanavyokaa jamvini, na mbele yake mafungu: giligilani, pasli, majani ya vitunguu, uwatu. Mashine haitaki. Ni jani kwa jani, shina gumu kando, laini kwenye beseni. Vidole vyake vya mwalimu aliyeshika chaki miaka thelathini vinakwenda vyenyewe, macho anaweza kuyapeleka popote. Uwatu ukishaanza kunukia besimenti yote, hii nyumba yetu ya chini ya ardhi, mimi huwa nakumbuka uji wa wazazi kwa mama, na moyo hunitulia.

Kwa hiyo nilisema kwa moyo uliotulia. Tunafikiria kuhama hapa Toronto kwenda Edmonton, mji mwingine wa Kanada. Nilimwambia, "Maman, kule Edmonton tutakuwa na uwanja. Hizi utazipanda mwenyewe." Niliona kama nampa zawadi.

Hakuinua uso. Akasema, "Zohreh, dokhtaram, delet ke gereft, bilit mikhari." Zuhura, binti yangu, moyo ukikubana, wewe unakata tiketi. Halafu, kama mtu anayejisemea: "Mimi nikikata, nani atanifungulia mlango?" Akavuta fungu lingine la uwatu.

Basi. Ni hayo tu.

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Kwanza nilishika lile "dokhtaram". Angekuwa na hasira asingeniita binti yake. Halafu nikashika "wewe". Kifarsi hakihitaji "wewe" hapo, kitenzi kinatosha kama chetu, na kweli hakulitamka. Nimeliongeza mimi nilipokuwa najitafsiria. Sasa kwa nini nimeliongeza? Kwa sababu nililisikia.

Nikamuuliza Baba Yasmini. Jumapili usiku akaniambia ni maneno ya wazee tu. Jumatatu akasema mama amechoka na joto la besimenti. Jana taa imeshazimwa, nimedhani amelala, akasema, "Lakini amesema kweli." Akageukia ukutani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyuhuyu Maman ndiye aliyenipokea nilivyopokewa. Mnakumbuka siku nilipomwambia kuwa bibi yetu wa Pemba alijiita Mshirazi, yaani wa asili ya Uajemi? Nikamwonesha na video za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, wanaume wanavyopigana kwa mashina ya migomba, nikamwambia mwaka huo tunauita pia Nairuzi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Nowruz, mwaka mpya wa kwao, eti mwezi wa saba! Akanishika mashavu akasema, "Kumbe wewe hukuolewa, wewe umerudi." Ile karatasi ya maneno aliyoibandika kwenye friji bado ipo, kwa mwandiko wake: bandari, nahodha, pamba, barafu. Ya kwao na ya kwetu ni yaleyale, sauti tu zimepinda kidogo. Nilidhani karatasi ile imemaliza mambo.

Sasa niseme na yaliyo kweli, maana siandiki ili nionewe huruma. Mimi kweli nakata tiketi. Toronto, Addis, Dar, halafu basi la Tanga. Desemba nilikaa wiki tatu nikala samaki mpaka nikatosheka. Niliporudi Maman aliomba aone picha zote kwenye simu, na kesho yake akaomba tena, na siku ya tatu tena. Alikuza kwa vidole picha ya mlango wa mama, ule wa buluu uliopauka, akauliza kama ni wa mbao au chuma. Mimi nilijibu mbao, nikaendelea na shughuli zangu. Mlango! Sikuliona mpaka Jumatatu hii, niko kwenye basi.

Mwanawe, Baba Yasmini, hawezi kwenda Iran. Tangu vuli ya 2022, Mahsa Amini, yule msichana aliyekamatwa na polisi wa Tehran kwa ajili ya hijabu, alipokufa na watu wakaandamana wakajaa mtaa wa Yonge hapa Toronto hadi Richmond Hill, picha za mume wangu zipo mitandaoni akiwa mstari wa mbele, na hajuti. Nyumba ya Tehran iliuzwa baada ya marehemu baba mkwe. Maman mwenyewe ilibidi aende Ankara kuweka alama za vidole kwa ajili ya visa, kwa kuwa Kanada ilifunga ubalozi wake Tehran tangu 2012. Amebakiza dada mmoja tu kule. Juni 2025, siku zile kumi na mbili za vita, intaneti ilipokatwa, alikaa na simu mapajani kutwa, anapiga, anasubiri, anapiga. Nilikuwa nampelekea chai inapoa, napeleka nyingine. Mtu wa namna hiyo nikamwahidi bustani.

Kuhusu wapi tukae, kubaki au kuhama, hali ni ileile niliyoandika mwezi uliopita, ila sasa Edmonton wamemletea Baba Yasmini barua ya kazi na wanataka jibu Ijumaa. Kwa kodi tunayolipa hapa kwa besimenti, kule karibu tunapata nyumba nzima. North Vancouver ndiyo ndoto ya Baba Yasmini. Anasema ukisimama mtaa wa Lonsdale ukitazama juu unaona milima imeinama juu ya mji kama Alborz juu ya Tehran, lakini kwa bei za kule hata kuota kunagharimu. Na hapa kaskazini mwa Toronto, kuanzia Finch kupanda Richmond Hill, ndiko watu wanakoita Tehranto, kwa wingi wa Wairani. Baba Yasmini ndiye hapataki. Anasema hakuvuka bahari ili aje aulizwe na jirani mshahara wake na lini tutapata wa pili. Mimi nilimuunga mkono haraka sana. Nilichoka kutazamwa dukani, watu wanamsalimia yeye kwa Kifarsi na mimi kwa Kiingereza, hata nikijibu kwa Kifarsi.

Hata Edmonton si pageni kwao. Ndege ya Ukraine iliyotunguliwa na makombora ikitoka Tehran, tarehe 8 Januari 2020, ilikuwa na watu 176, wengi wakija Kanada, na humo walikuwamo walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Edmonton. Mke na mume, maprofesa wote wawili, na binti zao wawili. Baba Yasmini huwa anasema mji uliokulilia si mji wa wageni. Nilikuwa nayatumia maneno hayo kama hoja yangu. Sasa naona haya.

Jumanne nilikuwa na mapumziko, nikaenda na Maman kununua sangak, mkate wa kwao. Kwa kawaida huwa nampeleka kwa gari, nasubiri nje na Yasmini. Safari hii tulikwenda kwa basi, tukaingia wote. Mkate ule huokwa juu ya kokoto za moto. Unatoka mrefu kama kanga iliyokunjwa, una ufuta juu na vishimo chini, na watu wanaulaza mezani kuupapasa kwa vidole, kwa sababu kokoto moja moja hubaki imenasa. Maman aliupapasa wake kama mganga anayetafuta maumivu. Akaitoa moja, nyeusi, ina joto bado, akaiweka kwenye kiganja cha Yasmini.

Na akaanza kusema! Mwenzangu, sijawahi kumsikia hivyo. Nyumbani kwetu anazungumza polepole ili nimfuate, sentensi fupi, kama anayemfundisha mtoto, na kwa daktari hazungumzi kabisa, anatutazama midomo. Pale foleni alikuwa na sauti nyingine, ya juu, ya haraka, sauti ya darasani. Akamrekebisha kijana wa keshi hesabu. Akamuuliza mzee mmoja mwenye kofia ametoka mtaa gani, wakakuta wamefundisha wilaya moja, mzee akamwita khanom moallem, bibi mwalimu, akavua kofia. Maman akanyooka. Nasema kweli, alirefuka mbele ya macho yangu. Na nikaona kwamba miaka miwili nimekaa na nusu ya mtu, nikidhani ndiye mzima.

Kwenye basi alinishika mkono, akaimba kidogo. Hakuna aliyemtafsiria chochote saa nzima ile.

Ningeweza kuishia hapa nikawaambia kwamba tunabaki. Moyo wangu ulikuwa umeshafika huko, nilishajiandaa kumwambia Baba Yasmini. Lakini Jumatano ilikuja ile barua nyingine, ya kiapo changu cha uraia wa Kanada, tarehe 24, na furaha yote iliyopaswa kuwa ya kwetu wote imenikalia kooni.

Mimi nikiapa, Utanzania wangu umekwisha. Sheria yetu ndivyo ilivyo: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma. Kuna hadhi maalumu kwa diaspora wenye asili ya Tanzania, sheria ilipita 2025, na nashukuru ipo. Lakini hadhi si pasi. Nitashuka Dar kwenye foleni ya wengine. Baba Yasmini yeye, nchi yake haimwachii. Kwa Iran atabaki Muirani hata akila viapo kumi, na akitaka kuuvua uraia huo sharti awe ametimiza miaka 25, amemaliza jeshi, na baraza la mawaziri likubali. Kwa hiyo yeye ana nchi isiyomwachia ila hawezi kuiingia. Mimi yangu naiingia nitakavyo, na inaniacha kwa sahihi moja. Nimekaa na barua zote mbili mezani, ya kazi na ya kiapo, nikazitazama mpaka maandishi yakachezacheza.

Maman hajui. Hakuna aliyemweleza, na mimi sijamwambia. Nikimwambia leo itakuwa kama tunashindana nani kapoteza zaidi, na sitaki kushinda. Ila usiku nikiisikia tena ile "bilit mikhari" natamani kumjibu. Nimepanga maneno kwa Kifarsi, nimeyaandika, nimemwonesha Baba Yasmini sarufi yake akasema ni sawa. Tiketi ninayo, Maman, lakini nitaingia kama mgeni. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye pochi. Ipo humo.

Ijumaa ni kesho. Baba Yasmini anasema ataomba Edmonton wampe wiki moja zaidi, na kwamba tukibaki itabidi ashike zile zamu za usiku tena. Nimemwambia aombe.

Na mama hapokei simu tangu juzi. Machungwa yameanza Muheza, labda yuko shambani na simu imeisha chaji, hufanya hivyo kila msimu. Dada naye kasema atampitia jioni, na jioni ya kwao imeshapita. Nimepiga mara nne. Inaita, inaita, kisha inakatika.