Nilivyoacha kumpigia kura mjomba wangu

Kwa miaka mingi mimi ndo nilikuwa mkono wa mjomba siku ya kura. Haoni, presha ya macho ilimmaliza akiwa tayari mtu mzima, kwa hiyo kila uchaguzi tunaingia wawili kwenye kituturi, ananinong'oneza jina, naweka tiki, natumbukiza kwenye sanduku tunarudi zetu nyumbani. Na nilikuwa najiona mpwa mwema kweli. Siku moja tunapiga stori za mambo mengine kabisa akaniuliza, "hivi mjomba, mimi nitajuaje kama ulimpigia niliyekwambia?" (tunaitana mjomba wote wawili). Aliuliza huku anacheka ila mimi nilikosa jibu, maana ni kweli hana pa kujulia, na ngoja nikiri tu, kuna mwaka kwenye karatasi moja alisema weka yeyote, mimi nikamweka ninayempenda mimi.

Nikaanza kutafuta. Kumbe mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 29, unasema wazi kwamba kura yao ni siri kama ya mtu mwingine yeyote, na wa kuwasaidia ni mtu waliyemchagua wenyewe, tena wakiomba wao. Mjomba hakuwahi kuniomba, mimi tu nilimshika mkono tukaingia. Halafu nikakuta kuna nchi zimeshalitatua hili zamani, Australia asiyeona anaweza kupiga kura kwa simu, India mashine zao za kura zina nukta nundu (yale maandishi ya vinundu wasioona wanayosoma kwa vidole), na Ujerumani wana kiolezo cha karatasi ngumu unachomekea karatasi ya kura ndani yake, kina matundu upande wa kuweka alama, na karatasi yenyewe inakatwa kona ya juu kulia au kutobolewa ili mtu ajue kwa kugusa juu ni wapi. Hiyo kona ndo ilinifurahisha, kitu kidogo hivyo.

Nikapiga simu ofisi ya uchaguzi wiki kadhaa kabla ya uchaguzi uliofuata, kuuliza kama na sisi tunavyo hivyo violezo. Wa kwanza hakunielewa, wa pili akasema vipo, kila kituo kinapelekewa. Sawa, ila mjomba hajawahi kukigusa, atajifunzia pale pale watu wamepanga foleni nyuma yake? Nikatengeneza cha kwangu kwa boksi la viatu. Nilikata matundu kwa wembe, pembeni ya kila tundu nikadondosha gundi ikakauka ikawa vinundu, kimoja kwa mgombea wa kwanza, viwili kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, maana mjomba hajui kusoma nukta nundu (wengi waliopoteza macho ukubwani hawajui, watu wanasahau hilo) lakini kuhesabu anahesabu vizuri tu. Majina nilimsomea kwa mpangilio ule ule wa kwenye orodha ya wagombea iliyotangazwa, akayakariri siku mbili.

Mara ya kwanza tulifeli vibaya, karatasi iliteleza ndani ya boksi tiki ikaangukia kwenye mstari kati ya wagombea wawili, yaani hiyo ingekuwa kura iliyoharibika. Tukagundua lazima aisukume mpaka igonge chini kabisa halafu aibane kwa kidole gumba cha kushoto asiachie mpaka amalize. Tulirudia nadhani mara ishirini, shangazi akawa anatusimamia kama wakala wa chama, anapinga kila kura.

Siku yenyewe tumefika karani akaniambia, "we mwandikie tu, tusichelewe." Nikasema hapana, kuna kiolezo. Akasema hakuna. Nikaomba kuongea na msimamizi wa kituo, kwa upole jamani, ukipandisha sauti pale unageuka fujo, naye akaenda kwenye lile boksi la vifaa, kikatoka bado kipo kwenye nailoni yake. Akachomeka karatasi mbele ya mawakala, akamkabidhi mjomba.

Mimi nikabaki mlangoni. Sijui alikaa mle muda gani, mimi niliona mwaka, nilikuwa nawaza tu kile kidole gumba. Akatoka, karatasi ameikunja mwenyewe, akapapasa sanduku akatumbukiza, akachovya kidole kwenye wino.

Njiani nikashindwa kuvumilia nikamuuliza amempa nani. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "weka yeyote."