Ufupisho, ikisiri, muhtasari: usivichanganye

Ukiambiwa uandike ufupisho, unapunguza maneno ya habari yenyewe, mara nyingi hadi theluthi: maneno 300 yabaki kama 100, hoja zikifuatana vilevile. Mifano na takriri (marudio ya maneno) ndizo za kwanza kutoka. Wengi huharibu hapa, wananakili sentensi nzima nzima. “Kutokana na sababu ya kwamba mvua ilikuwa inanyesha, mkutano haukuweza kufanyika” ina maneno 11. “Mvua ilizuia mkutano” ni 3 tu, na hakuna kilichopotea.

Ikisiri hukaa mwanzoni mwa makala ya kitaaluma: lengo, mbinu, matokeo. Muhtasari ni neno pana mno (hata kumbukumbu za kikao huitwa hivyo). Dondoo je? Hizo ni hoja zilizochomolewa tu, si lazima ziungane.