Feni Haikuwa na Kosa

Wiki mbili nzima kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikijizima. Hakuna onyo wala nini: skrini nyeusi, feni kimya, basi. Mara ya tatu nilikuwa katikati ya barua ndefu ambayo sikuwa nimeihifadhi. Ndiyo, najua.

Nilianza na vumbi, kama kila mtu. Nikafungua kava la pembeni, na kweli lilikuwepo, limejisokota kwenye feni ya nyuma kama sufi. Nikalipuliza kwa kopo la hewa huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke, maana upepo ule unaweza kuizungusha kupita kiasi ikaharibika. Nikawasha kwa majivuno. Dakika kumi, giza.

Hapo nikaacha kubahatisha. Niliingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka, ambako mashine haina kazi ya maana, nikatazama joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Nyuzi 58. Mara 71. Dakika haijaisha, 93! Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi hujizima zisiungue, kwa hiyo ile kujizima haikuwa ugonjwa bali kujiokoa. Kilichonishtua ni mwendo. Joto la vumbi hupanda taratibu, tena hasa mashine ikiwa na kazi nzito. Hili lilikuwa linaparamia.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa yale mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa. Vuguvugu tu. Chini tanuri, juu hakuna habari! Joto halikuwa linafika kule ambako feni ingelipeperusha. Nikakitikisa kile kipande cha alumini kidogo, kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kinabanwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa pini nne za plastiki, na moja ilikuwa imechomoka. Namshuku mimi mwenyewe, siku nilipohamisha meza. Nilipokitoa, pesti ya chini yake, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, ilikuwa imekauka kama chaki. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya mchele, kisha nikazibonyeza pini kwa mshazari mpaka kila moja ikalia tak.

Sasa naandika haya ikiwa nyuzi 41. Skrubu moja ya kava imepotea. Niliimulika ndani kwa tochi kabla ya kuwasha, isije ikaleta shoti, haimo. Iko chini ya meza, bila shaka.