Siga Minnesota: unyevu kwanza, jina baadaye

Kipupwe kikishaingia Minnesota na hita zikawa zinawaka usiku na mchana, hewa ya ndani ya nyumba hukauka hadi unyevu ukashuka chini ya asilimia 30. Siga nzuri, ile nene inayosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu, inataka asilimia 65 hadi 70. Pengo hilo ndilo linaloharibu siga nyingi za Waafrika Mashariki wanaoanza starehe hii huku. Mtu ananunua siga ya dola 14, anaiacha juu ya kabati siku nne, jani la nje linapasuka, moshi unamchoma ulimi, kisha anaitangaza kampuni kuwa imeharibika. Kampuni haina kosa. Kabla hujauliza ununue siga gani, amua kwanza itakaa wapi.

Makazi bora kwa anayeanza ni ya bei ndogo: kopo la plastiki la lita nne au tano lenye mpira kwenye mfuniko, lile la kuhifadhia unga. Lioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, liache wazi mpaka lisinuke chochote, maana siga hunyonya harufu haraka sana. Ndani yake weka pakiti ya Boveda ya gramu 60 iliyoandikwa 65, pamoja na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Pakiti moja inatosha siga 25. Pakiti hizi zina mmumunyo wa chumvi unaotoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi, kwa hiyo huna haja ya kuongeza maji. Ukiigusa ukaona imekuwa ngumu kila mahali, imeisha, weka nyingine. Vile visponji vya kulowesha maji viache dukani: unyevu wake haudhibitiki, na ukitumia maji ya bomba unaalika ukungu.

Kipima unyevu usikiamini kabla ya kukijaribu, maana vingi hudanganya kwa asilimia tatu hadi tano. Chukua kizibo cha chupa, jaza chumvi ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka. Weka kizibo na kipima pamoja kwenye mfuko unaofungwa kabisa, acha usiku kucha. Ndani ya mfuko ule unyevu lazima ufike asilimia 75. Kikisoma 71, jua kinapunguza nne, na uzijumlishe kila unapokisoma.

Sanduku la mbao ni zuri kwa macho, ila lina kazi zaidi. Bitana yake huwa ya mti unaoitwa mwerezi wa Kihispania, ambao si mwerezi wala si wa Hispania: ni Cedrela odorata wa Amerika ya joto, wa ukoo mmoja na mkangazi, na ndio huohuo uliopandwa Tanzania ukauvamia msitu wa Kimboza kule Morogoro. Mbao hizo zikiwa kavu hunyang'anya siga unyevu wake. Sanduku jipya lifungie pakiti za asilimia 84 kwa siku 14, likiwa tupu, ndipo uingize siga na pakiti za 69. Kwenye mbao tunatumia 69 na kwenye plastiki 65 kwa sababu mbao huvuja kidogo na plastiki haivuji. Wako wanaopangusa mbao kwa kitambaa kilicholowa ili kuharakisha, na mbao hupinda, mfuniko ukaacha kufunga vizuri.

Joto liwe nyuzi 18 hadi 21. Likipanda kupita 24 kwa siku kadhaa, mayai ya kidudu cha tumbaku, Lasioderma serricorne, huweza kuanguliwa. Ni kidudu kilekile kinachotoboa viungo jikoni. Dalili yake ni matundu madogo ya mviringo kama ya sindano na unga mwembamba chini ya kopo. Ukiyaona, tenga siga zote, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziweke kwenye friza siku tatu, kisha zihamishie sehemu ya kawaida ya friji siku nzima, ndipo uzitoe. Kuzitoa kwenye friza moja kwa moja hadi mezani kunapasua jani la nje.

Sasa ununuzi. Tangu Desemba 2019 umri wa kununua tumbaku ya aina yoyote Marekani nzima ni miaka 21, na duka litaomba kitambulisho hata ukiwa na mvi. Kodi ya jimbo ndiyo inayotofautisha bei zaidi ya kitu kingine. Minnesota hutoza asilimia 95 ya bei ya jumla, lakini kwa siga za daraja la juu kodi hiyo haizidi senti 50 kwa siga moja. New York hutoza asilimia 75 ya bei ya jumla. Florida na Pennsylvania hazitozi kodi ya tumbaku ya jimbo kwenye siga kubwa, ndiyo maana wauzaji wengi wa mtandaoni wako huko. Ukiagiza mtandaoni wakati wa baridi, mzigo ukifika usiufungue palepale. Uache ndani ya nyumba upate joto taratibu, kisha siga zikae kwenye kopo wiki mbili hadi nne kabla ya kuwasha hata moja. Wengi wanakosa subira hapa, na hapa ndipo tathmini nyingi za haraka zinapopotoka.

Siga za Cuba ziache. Vikwazo vya Marekani vimekuwepo tangu Februari 1962. Wakati wa Obama abiria waliruhusiwa kurudi nazo, lakini tangu Septemba 24, 2020 kuziingiza Marekani kwenye begi ni marufuku tena, hata kama umezinunua Dubai au Muscat. Kwa mwenye kesi ya uhamiaji inayosubiri, siga haifai kuwa sababu ya kuhojiwa uwanja wa ndege. Na zile Cohiba, jina maarufu la siga za Cuba, zenye kasha la mfuniko wa kioo zinazouzwa ufukweni ni bandia zote, kwa sababu kasha la namna hiyo halijawahi kutoka kiwandani. Nicaragua, Jamhuri ya Dominika na Honduras zinatosha kabisa.

Siga ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kufungia, na jani la nje. Ya ndani yenyewe yana madaraja kulingana na mahali yalipotoka kwenye mche. Ligero ni ya juu, mazito, yamepigwa jua, yenye nikotini nyingi na yanaungua polepole. Seco ni ya katikati na hutoa harufu. Volado ni ya chini, na kazi yake ni kuufanya moto uendelee. Wanaotoka Tabora, Urambo au Kaliua wanajua tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwenye mabani kwa kuni. Tumbaku ya siga haipiti huko. Hutundikwa kwenye ghala na kukauka kwa hewa tu kwa wiki kadhaa, kisha hulundikwa marundo makubwa ivunde kwa miezi, mara nyingine miaka. Marundo hupata joto yenyewe, hupinduliwa, amonia hutoka. Siga inayokuchoma pua kama choo kisichosafishwa haijavunda vya kutosha, au ni mbichi mno. Tumbaku ya moshi ya Songea ina ndugu yake kwenye siga chache: kampuni ya Drew Estate hutengeneza moja yenye majani ya Kentucky yaliyokaushwa kwa moshi, na mtu wa Namtumbo ataitambua harufu hiyo kabla hajaiwasha.

Jani la nje la Cameroon nalipigia debe waziwazi. Hulimwa Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati kutokana na mbegu ya Sumatra, ni jembamba, lina vipele vidogo vya mafuta unavyovihisi kwa kidole, na ladha yake ni tamu, yenye pilipili manga na mdalasini kwa mbali. Siga za Arturo Fuente Hemingway na Oliva Serie G ndizo njia rahisi ya kulijua. Udhaifu wake ni wembamba: likikauka kidogo tu linapasuka, na kwenye baridi ya nje lina hatari zaidi. Nje kukiwa chini ya sifuri, chagua siga fupi yenye jani nene, maduro (jani jeusi lililovundishwa muda mrefu) ya Connecticut Broadleaf kwa mfano. Joto la ndani hutanua majani huku baridi ikilibana jani la nje, na jani jembamba halihimili vuta nikuvute hiyo. Mikataba mingi ya nyumba za kupanga inakataza kuvuta ndani na kwenye baraza, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kupoteza amana yako.

Ukubwa husomwa kwa namba mbili: urefu kwa inchi na unene kwa sehemu za 64 za inchi. Robusto ni 5 kwa 50, corona inakaribia 5½ kwa 42, Churchill ni 7 kwa 47. Robusto huchukua dakika 45 hadi saa moja.

Kukata: milimita mbili tu, juu ya mstari ambapo kofia ya siga, kile kipande cha jani kinachofunga ncha ya mdomoni, inaishia. Ukipita mstari huo, jani la nje linaanza kufumuka. Vuta kabla ya kuwasha. Ikiwa nzito kama unanyonya uji kwa mrija, ina fundo la majani ndani. Ikande taratibu kwa vidole sehemu ile ngumu, na ikishindikana chokonoa kwa kijiti chembamba cha chuma. Kuwasha ni kwa gesi ya butani au njiti ndefu, si kwa kiberiti cha mafuta wala mshumaa, maana harufu hubaki kwenye siga. Mwali usiiguse siga. Ushikilie chini yake, zungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu sawasawa, ndipo uvute.

Vuta mara moja kwa dakika, moshi uishie mdomoni. Ukivuta haraka siga hupata joto kupita kiasi na ladha zote hugeuka uchungu. Ikiungua upande mmoja, subiri kwanza dakika mbili, kisha choma kidogo ule upande uliobaki nyuma. Ikirudia kila mara, unyevu umezidi au majani yamepangwa vibaya. Ikizimika, kung'uta jivu, puliza ndani ya siga mara moja kutoa moshi wa zamani, washa tena. Kizunguzungu na jasho baridi ni nikotini: simamisha, kunywa maji, kula kitu chenye sukari, na siku nyingine usivute tumbo tupu. Kutokumeza moshi hakuifanyi siga kuwa salama. Saratani ya mdomo na koo ipo palepale, na mwenye shinikizo la damu au mjamzito nyumbani asiwekwe kwenye moshi huu.

Kulinganisha ndiko kunakonipa raha zaidi kuzungumzia, na ndiko kunakofanywa kiholela zaidi. Siga mbili zilizotofautiana kwa ukubwa, unyevu na saa ya kuvutwa hazilinganishiki. Chagua kitu kimoja kibadilike. Kwa mfano, siga ya Perdomo Reserve 10th Anniversary hupatikana kwa jani la Connecticut la rangi nyepesi, jani lililokuzwa juani, na maduro. Padrón 1964 hupatikana natural (jani la kahawia) na maduro. Nunua robusto peke yake, au toro peke yake (ndefu kidogo kuliko robusto), tatu za kila aina kwa uchache, zikae kopo moja mwezi mmoja. Vuta moja kwa siku, saa ileile, baada ya chakula kisicho na pilipili, kwa maji tu. Chai ya tangawizi inaua ulimi kwa saa nzima. Usiwashe mbili kwa pamoja: ya pili itaonekana dhaifu hata kama ni kali.

Mtu mwingine aivue siga pete yake, yaani ile karatasi yenye jina la kampuni, abandike namba na kuficha orodha. Pete ina nguvu kubwa juu ya ulimi. Gawa siga sehemu tatu na uandike kila sehemu: mvuto, jivu, ukali, ladha, na mara ngapi umeiwasha upya. Kabla hujaandika ladha, toa moshi kidogo sana kupitia puani, kwa kuwa huko ndiko harufu zinakotambulika. Na tumia maneno ya jikoni kwako. Maelezo ya Wamarekani yamejaa biskuti na pipi ambazo hukukua nazo. Korosho iliyokaangwa, kahawa chungu, karafuu, mbao ya mvule, udongo wa mvua za kwanza vitakusaidia kukumbuka siga hiyo mwaka ujao. Siga ikishindwa mara moja, usiihukumu. Mbili kati ya tatu zikiwa na fundo, hapo tatizo ni la mtengenezaji, na duka zuri litakubadilishia.

Unaporudi nyumbani likizo, forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe gramu 250 za tumbaku kwa abiria mwenye miaka 18 au zaidi, sigara na siga zikihesabiwa pamoja. Robusto moja huwa na gramu 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo siga 16 ziko salama na kasha la 25 huenda likavuka. Pima nyumbani kwa mizani ya jikoni, ukizitoa kwanza kwenye kasha. Mifuko ya plastiki usiitegemee, maana Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Tumia kopo gumu lenye mpira. Kiberiti cha mwali wa kupuliza hakiruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo nunua njiti ukifika. Dar, Tanga na Mombasa tatizo linageuka: hewa ya pwani hupita asilimia 75 kwa urahisi, siga huvimba, huzimikazimika, na ukungu mweupe wenye nywele hujitokeza kwenye mguu wake, yaani ncha ya kuwashia. Huko pakiti ya 62 ndiyo ya kubeba, na kopo lifunguliwe tu unapochukua siga.